Bomba Lililooshwa kwa Udongo

Sajini Matano alikwisha kumfunga mtu, na sasa alikuwa amechuchumaa katikati ya choroko zilizokufa akitafuta sababu ya kumfunga. Kazi hiyo kwa kawaida hutangulia pingu. Yeye aliianzia mkiani, na jua la Ndagoni lilikuwa likimchoma kisogo bila huruma.

Alhamisi alikuja hapa kutoka Kilindoni na kanzu yake ya kazi, maana yeye alikuwa askari kanzu, akamkamata kibarua wa kutoka Rufiji aitwaye Jumanne, aliyelipiga dawa shamba hili. Jumatatu kibarua huyo angesimama mbele ya Liwali kwa kosa la kuharibu mazao ya watu kwa makusudi. Shamba lilikuwa la kikoa cha wanawake, waliounganisha viwanja vyao ili wapate kulima na kupalilia pamoja. Lote lilikuwa limeanguka. Leo ni Jumamosi, na Sajini alirudi kwa sababu moja tu: Bwana Shamba alikuja kituoni jana akasema kwamba hakuelewa choroko zile zimekufa kwa ugonjwa gani.

"Tazama gugu hili," alisema Bwana Shamba, kijana wa Kirongwe aliyevaa kaptura ya kaki na soksi ndefu. "Limefanyaje?"

"Limeungua."

"Limebabuka, na lina madoa ya manjano. Hiyo ndiyo dawa niliyowaletea akina mama. Ndiyo kwanza imeingia kisiwani mwaka huu wa hamsini na nane. Inaunguza magugu machanga ya majani mapana. Choroko inazibabua kidogo tu, siku chache zikipita zimesahau. Sasa tazama choroko yenyewe."

Sajini aling'oa mche mmoja. Shina lilikuwa limejisokota, limevimba, limepasuka kwa chini. Majani yalikuwa yamejikunja kuelekea ardhini. Mahali pa kuungua hapakuwapo.

"Hii haikuungua," alisema.

"Imejinyonga. Hii ni kazi ya dawa nyingine, Sajini. Ipo dawa ya mashamba ya mpunga na mahindi. Ile haiunguzi. Inaingia ndani ya mmea wa majani mapana na kuukuza ovyo mpaka ujivunje wenyewe. Mpunga haudhuriki, kwa kuwa ni jamii ya nyasi. Lakini choroko, kwa dawa ile, ni gugu kama gugu jingine."

"Kwa hiyo shamba limepigwa dawa mbili."

"Kwa pigo moja. Tazama kila mstari, umbabuko uko kwenye gugu, msokoto uko kwenye choroko. Zilitoka pamoja katika bomba la kunyunyizia."

"Jumanne alipewa makopo mangapi?"

"Moja. Nilimpa kwa mkono wangu, likiwa limefungwa. Dawa ya mpunga miye sijaileta Mafia. Aliye nayo ameiagiza mwenyewe, Unguja au Dar es Salaam."

Sajini alifungua mkoba akatoa chupa iliyofungwa kwa kitambaa. Aliikuta uvunguni mwa kitanda cha Jumanne, na ndiyo iliyomfunga. Jumanne alipoulizwa ndani mna nini aliinamisha kichwa, hakujibu. Kwa Sajini, hilo lilikuwa jibu tosha.

"Basi itakuwa ndiyo hii," alisema. "Inuse."

Bwana Shamba aliinusa. Akaitikisa, akatia tone moja kwenye kiganja, akalinusa tena. Kisha akamtazama Sajini kwa namna mtu anavyomtazama mkubwa wake aliyesahau kufunga vifungo.

"Hii ni ndimu na majivu," alisema.

Sajini aliichukua chupa akaifunga polepole, apate pa kutazama. Alhamisi aliinusa mbele ya kijiji kizima. Alikunja uso kwa madaha, akainua chupa juu watu waione, akasema, "Sumu." Na watu wote wakaguna, naye akaona raha.

---

Kijakazi, mke wa Jumanne, alikuwa akipalilia kwa jembe nyuma ya kibanda chake. Kiwanja chake kilikuwa kidogo, lakini choroko zake zilikuwa kijani, zimeanza kutoa maua. Ndago na mchicha pori alivirundika kando, mizizi juu, vikauke.

"Shikamoo," alisema bila kuinua uso, kwa kuwa adabu haigombi na mtu.

"Marahaba. Nimekuja kuuliza habari ya chupa."

"Ulikwisha kuijua. Uliwaambia watu ni sumu."

"Nilikosea. Ya nini?"

Kijakazi aliegemea mpini wa jembe. "Ya mikono. Ile dawa inatia manjano, na manjano yake hayatoki. Ulipokuwa unamfunga hukumtazama mikono? Palikuwa na hitima juzijuzi. Akakaa kwenye sinia na wenzake watano. Wakamtazama vidole. Akainuka mmoja, ati anakwenda kunawa tena. Akainuka wa pili. Mwisho akabaki yeye na sinia ya watu sita."

"Akala?"

"Weye ungekula? Tangu siku ile anasugua kwa ndimu na majivu mpaka ngozi inatoka. Anajificha kusugua. Hata miye nikiingia anaficha chupa."

"Kwa nini hakuniambia nilipomuuliza?"

"Mbele ya watu wale wale?"

Sajini akauliza swali jingine. "Watu wanasema alikuwa na kinyongo. Kwamba kikoa kilikukataa weye."

"Kilinikataa miye, kikamwajiri yeye. Babu yangu alikuwa mali ya babu yake Bwana Ameir bin Hamdu. Watumwa waliachwa huru zamani, lakini wanawake wa kikoa wana kumbukumbu nzuri. Kinyongo ninacho miye, Sajini. Jumanne ana ujira wake tu, na alifurahi kuupata."

"Siku ya kupiga dawa alilitoa wapi bomba?"

"Kwa Bi Mwanamkuu, ndiye anayelitunza. Alirudi akisema jambo. Alisema bomba limelowa ndani, na yeye hakuligusa tangu palizi ya kwanza. Nikamwambia labda wamelitumia kuchotea maji." Kijakazi alishika jembe tena. "Jumatatu watampa muda gani?"

"Sijui."

"Ulipomfunga ulikuwa unajua kila kitu."

---

Bi Mwanamkuu alikuwa mkuu wa kikoa na mwalimu wa chuo cha wasichana. Nusu ya wanawake wa Ndagoni walijifunza kutawadha mbele yake, na wengine walipigwa viboko vya mkuti kwa kusahau kuosha kisigino. Alimpokea Sajini ukumbini kwa mkeka mpya na kahawa.

"Umekuja kuona bomba," alisema. "Lione, mwanangu. Ni safi kuliko sufuria yangu ya maziwa."

Lilikuwa limetundikwa chumba cha uani, limefunikwa kwa kanga ya zamani. Lilikuwa bomba la kubeba mgongoni, la shaba, lenye mkono wa kusukumia, mpira mrefu na ncha ya kunyunyizia. Sajini alilishusha. Lilinuka dawa ya manjano kidogo, na Bi Mwanamkuu akasema hiyo ni ya siku ile, Jumanne alilirudisha akalisuuza mwenyewe.

"Kabla ya siku ile lilioshwa?"

"Lilioshwa."

"Na nani?"

"Na miye."

"Jumanne alilikuta limelowa. Nani alilitumia likahitaji kuoshwa?"

"Bomba la watu huoshwa hata likikaa, linaingia vumbi." Alijibu upesi, na macho yake yakaenda mlangoni.

Sajini alifungua kifuniko akatoa chujio, kile kikombe cha waya kinachozuia taka zisiingie tumboni mwa bomba. Siri ya mtungi iulize kata. Alipitisha kidole chini ya ukingo wake, pale ambapo maji ya kusuuza hayafiki, kikatoka na udongo. Aliusugua kwa vidole viwili. Alitazamia mchanga wenye vijiti na mizizi, kama ulivyo mchanga wa mashamba yote ya Ndagoni. Huu ulikuwa laini kama unga. Ulikuwa umechekechwa.

Alikaa na udongo ule kidoleni. Mtu akiangusha bomba shambani, litaingia mchanga. Mtu akitaka kuliharibu, atatia mchanga vilevile. Lakini kuna mtu aliyechukua chekecheke, akachekecha udongo mpaka ukawa safi, ndipo akautia ndani ya chombo. Sajini naye alisomea chuoni, kwao Kilwa, na naye alipigwa viboko kwa sababu ya somo hilihili.

"Bi Mwanamkuu," alisema, "mbwa gani aliyelamba bomba?"

Kikombe cha kahawa kilisimama njiani. Bi Mwanamkuu alikirudisha kwenye sahani kwa uangalifu mkubwa.

"Huna haki ya kuuliza hilo."

"Sikuulizi mtu. Nakuuliza mbwa. Chombo hakioshwi kwa udongo ila kwa najisi ya mbwa au ya nguruwe, na nguruwe hadhani bomba ni chakula."

"Liliramba— lilirambwa mdomoni pale, pa kutilia maji," alisema mwishowe. "Niliambiwa lilipoletwa. Nikaliosha mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama ilivyoamriwa. Nikatazama rangi, haikubaki. Nikanusa, harufu haikubaki. Limetoharika, mwanangu. Kitu kilichotoharika hakina neno tena."

"Bwana Shamba hakuwaambia dawa huoshwa kwa magadi, bomba likalazwa na maji ya magadi usiku kucha?"

"Alituambia. Lakini maji saba na udongo ni zaidi ya magadi. Ile ni sheria ya Mungu, magadi ni ya dukani."

Hakuwa akidanganya. Sajini alimtazama vizuri akaona hilo wazi. Aliamini alichokisema toka utosini mpaka kwenye visigino vyake vilivyooshwa.

"Lililetwa kutoka wapi?"

"Hapo umefika mwisho. Nimeombwa nisitiri, na nimeahidi. Amsitiriye mwenziwe, Mungu atamsitiri."

"Na Jumanne yuko rumande."

"Bomba nililompa lilikuwa tohara," alisema Bi Mwanamkuu. "Alichotia baadaye, atajibu yeye."

---

Ndagoni watu hawafugi mbwa. Mtu mmoja tu alikuwa nao, naye alikuwa na udhuru wa kisheria, kwani mbwa wa kulinda mazao hana lawama. Mbwa hao walikuwa wanakaa bondeni kwenye mpunga wa Bwana Ameir bin Hamdu, kazi yao kufukuza nguruwe pori.

Sajini alipita bondeni kwanza. Mpunga ulikuwa umesimama vizuri, msafi, bila alama ya jembe hata moja kati ya mistari. Pembeni, mtaroni, palikuwa na magugu ya majani mapana ambayo dawa iliyamwagikia kidogo tu na hakuna aliyejisumbua kuyang'oa. Mashina yake yalikuwa yamejisokota, yamevimba na kupasuka. Alitoa mfukoni mche wa choroko aliouchukua asubuhi akauweka kando ya gugu. Mama mmoja, baba mmoja. Mbwa wawili walimbwekea kutoka kibandani, akawashukuru kimoyomoyo.

Bwana Ameir alimkaribisha barazani. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu zilizochanwa, mjukuu wa watu walioshuka kutoka Maskati na minazi yao yote ikabaki mikononi mwa ukoo. Kikoa kilipoletewa bomba, yeye ndiye aliyesema mbele ya watu, baada ya sala ya Ijumaa, kwamba ardhi iliyonyweshwa mkojo wa Mzungu haina baraka, na kwamba bomba lile halitakanyaga kiungani kwake. Watu walicheka. Maneno yale yalitembea mpaka Chole.

"Mpunga wako mzuri, Bwana Ameir. Umepaliliwa na nani?"

"Na vibarua."

"Vibarua wanaosokota magugu badala ya kuyang'oa?"

Sajini aliweka gugu na mche wa choroko juu ya baraza, kando ya deli la kahawa. Bwana Ameir alivitazama kwa muda. Hakuvigusa.

"Magugu yalinishinda," alisema kwa sauti ya chini. "Dawa niliiagiza Unguja. Bomba sikuwa nalo. Mke wangu Hafidha akaenda kwa shoga yake Mwanamkuu kwa mlango wa uani. Ningekwenda miye kwa mlango wa mbele, baada ya yale niliyoyasema? Ningeuweka wapi uso huu?"

"Jumanne ameuweka wake rumande."

"Hilo ni jambo jingine." Bwana Ameir alipata nguvu tena. "Bomba lilioshwa mara saba. Muulize mwanachuoni yeyote wa pwani hii kama chombo kilichooshwa hivyo kina kitu. Mtu wako wa Rufiji alipewa bomba safi, shamba likafa. Unataka kusimama mbele ya Liwali useme tohara ya Kiislamu haitoshi? Simama, tutakusikiliza."

Hoja ilikuwa na miguu.

"Lakini miye si mtu mbaya," aliendelea Bwana Ameir, akamimina kahawa. "Jumatatu sema ushahidi haukutosha. Mwachie, nitampa nauli, arudi kwao Rufiji na mkewe. Hafidha atasitirika, Mwanamkuu atasitirika, nami nitasitirika. Hata weye."

"Mimi nina nini?"

"Si weye uliyenusa chupa? Bwana Shamba ni kijana, hajui kufunga mdomo. Habari ya ndimu nimekwisha kuipata."

Sajini aliinuka bila kumaliza kahawa. Njiani aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na haya yenyewe haikutokana na chupa. Kwa hatua kadhaa, toka barazani mpaka kisimani, shauri la Bwana Ameir lilikuwa limempendeza.

---

Alimkuta Bwana Shamba chini ya mwembe, akirekebisha mnyororo wa baiskeli.

"Kitu kilichooshwa mara saba kwa maji na mara moja kati ya hizo kwa udongo," alimuuliza, "kinaweza kubaki na dawa?"

"Kopo haliwezi. Bomba linaweza. Lina mpira, lina ngozi ndani ya pampu. Dawa ile ina mafuta, inaingia kwenye mpira na kukaa humo. Ukitia dawa nyingine, inatoka nayo kidogo kidogo. Choroko haihitaji nyingi. Lakini watu hawa hawatanisadiki miye. Watamsadiki Bi Mwanamkuu."

"Watasadiki macho yao?"

"Labda. Tutie maji matupu ndani ya bomba tupige choroko nzima. Lakini choroko nzima tutazipata wapi? Za kikoa zote zimekufa."

Walitazamana. Wote wawili walijua mahali pamoja tu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupataja. Sajini ndiye aliyekwenda.

Kijakazi alisikiliza habari yote, ya Bwana Ameir na mkewe pia, mpaka mwisho, jembe mkononi. Maua ya choroko yalikuwa yakitikisika nyuma yake.

"Bomba likiwa safi?"

"Choroko zako zitabaki, na mumeo atakwenda mbele ya Liwali."

"Na likiwa na dawa?"

"Atatoka. Choroko zitakufa. Tutapiga mistari miwili tu. Mingine tutainyunyizia maji yaleyale kwa kopo, watu waone tofauti."

Kijakazi aligeuka akakitazama kiwanja chake. Hicho ndicho chakula chao mpaka msimu ujao, na kila mtu pale alijua.

"Mistari miwili watasema ni jua," alisema. "Watasema ni wadudu, ama nimeisokota miye kwa mkono. Piga nusu."

Alasiri wanawake wa kikoa waliitwa. Walisimama mpakani, hakuna aliyekanyaga ndani. Sajini alitaka Bi Mwanamkuu alisuuze bomba mwenyewe mara nyingine, kwa maji ya kisima, na mbele ya wote. Akalisuuza kama aoshaye chombo cha mgeni. Likajazwa maji ya kisima hichohicho. Sajini alivua kanzu, akabaki na fulana na msuli, akalibeba bomba mgongoni, akaenda mstari kwa mstari akisukuma mkono wake. Nyuma yake Bwana Shamba alinyunyizia nusu ya pili kwa kopo la bati.

"Maji hayo," alisema mwanamke mmoja. "Maji yanaua nini?"

"Ngojeni asubuhi," alisema Sajini.

Bwana Shamba alilala mlangoni kwa Kijakazi, ili asubuhi pasiwe na mtu wa kusema kwamba mkono wa mtu ulipita.

---

Jua lilipochomoza Jumapili hapakuwa na haja ya kuonyesha kitu. Nusu moja ya kiwanja ilikuwa imesimama na umande wake. Nusu ya pili ilikuwa imeinama yote, vichwa chini, vikonyo vimepinda. Mstari uliozitenga ungeweza kuupima kwa kamba.

Wanawake walifika wakiwa na maneno, wakayameza. Mmoja alichuchumaa akagusa shina, akaurudisha mkono haraka.

Bi Mwanamkuu alifika wa mwisho. Alitazama upande wa kijani, akatazama upande ulioinama, akatazama mikono yake mwenyewe. Kisha akamsogelea Sajini karibu kabisa, mgongo wake kwa wenzake.

"Nisitiri, mwanangu," alinong'ona. "Sikujua. Wallahi sikujua. Sema bomba lilikuwa bovu. Usiseme lilitolewa. Nina wasichana wa chuoni, watoto wa watu, watanitazamaje?"

"Ulimwona akifungwa pingu."

"Nilimwona."

"Na ulijua bomba lilitoka."

"Nilijua. Nikajiambia, limetoharika, basi kosa ni lake. Kila usiku nilijiambia hivyo." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga. "Angekuwa amefungwa mtu mwingine ningesema mapema. Haki ya Mungu, ningesema."

Alinong'ona, lakini kiwanja kilikuwa kidogo. Kijakazi alikuwa amesimama mistari mitatu kutoka pale.

"Bi Mwanamkuu," alisema. Hakupandisha sauti. "Bi Hafidha ulimsitiri asionekane ameazima. Bwana Ameir umemsitiri asichekwe. Mume wangu ulimsitiri kwa lipi?"

Bi Mwanamkuu alifungua kinywa. Miaka yote aliyofundisha, alikuwa na jibu la kila swali, na aya yake. Hakupata.

Sajini alijua kwamba kuna mtu inampasa kuanza, na kwamba mtu huyo si Bi Mwanamkuu. Alipanda juu ya rundo la magugu yaliyong'olewa ili wote wamwone, ingawa angependa zaidi ardhi immeze.

"Sikilizeni," alisema. "Alhamisi nilinusa chupa ya ndimu na majivu nikawaambia ni sumu. Sikujua ninachonusa. Jumanne alikuwa akioshea mikono yake, ile ambayo waume zenu waliikimbia kwenye sinia. Sikuuliza mtu. Nyote mlikuwa mmekwisha kumhukumu, nami nikataka kuwapendeza. Hakuna kosa alilolifanya. Mimi ndiye niliyemfunga."

Bi Mwanamkuu alivuta kanga kichwani, akaisogeza nyuma tena, akauacha uso wazi.

"Bomba nililitoa miye," alisema. "Nililitoa kwa mlango wa uani likaenda kupiga dawa ya mpunga. Likarudi, nikaliosha kwa ajili ya mbwa, sikuliosha kwa ajili ya choroko. Nikanyamaza. Mtu akafungwa, nikanyamaza vilevile. Nimelaza mtu rumande ili nisimwaibishe shoga yangu. Aibu hii ni yangu. Msimtafute mwingine."

Kila mtu alijua ni mpunga wa nani. Hakuna aliyemtaja tena.

Mwanamke mmoja wa kikoa, kisha wa pili, walivua viatu wakaingia kiwanjani, wakaanza kung'oa choroko zilizoinama na kuzirundika, kama wafanyavyo siku ya zamu ya mwenzao. Wa tatu akachukua jembe lililokuwa limelala.

"Liweke," alisema Kijakazi.

"Tukusaidie, dada."

"Liweke jembe langu. Tokeni shambani kwangu."

Walitoka mmoja mmoja, wakasimama mpakani tena, viatu mikononi, hawajui kama wavivae. Bi Mwanamkuu alitoka nao.

Kijakazi alimgeukia Sajini. "Na weye wangojea nini?"

"Nakwenda kumfungulia. Sasa hivi. Nitamtafutia gari la—"

"Sitaki gari. Ulimchukua mchana, ukampitisha msikitini, ukampitisha sokoni, amefungwa mikono, na watoto nyuma yake. Mrudishe mchana. Umpitishe palepale, kwa miguu, na weye utembee kando yake. Na kila atakayeuliza umjibu weye, asijibu yeye."

"Nitamjibu," alisema Sajini.

"Basi jua linapanda."

Alikwenda akachukua baiskeli yake ukutani. Aliipanda palepale, ikazama mchangani, ikamyumbisha, akashuka. Akaikokota akikimbia, kanzu imeinuliwa kwa mkono mmoja, mbele ya wanawake wote waliosimama mpakani, na hakuna hata mmoja aliyemcheka.